Sisi ni Tumbo Moja

Tabata, Dar es Salaam
11 Februari 2024

Mjomba wangu Fakihi,

Shikamoo. Na shikamoo ya mkaza mjomba Bi Maftaha naomba umfikishie kabla hujafungua karatasi nyingine zilizomo kwenye bahasha hii, maana najua ukishazifungua utamsahau.

Huku hatujambo. Issa amepelekwa Tanga kikazi miezi miwili, kwa hiyo nyumbani tumebaki mimi na binti yetu, ambaye ameota meno mawili na anayajaribu kwenye bega langu. Joto ni kali. Nakumbuka upepo wa hapo barazani kwenu Kivinje.

Sasa kilichonifanya nishike kalamu. Yale mate uliyotema kwenye kichupa nilipokuja Desemba, ukacheka ukasema miaka thelathini ya ubwana afya umechukua makohozi ya watu na leo na wewe umechukuliwa, majibu yake yamerudi. Maabara ya nje imesoma vinasaba vyako, yaani yale maagizo uliyoyarithi kwa bibi na babu, yanayouambia mwili ufanye nini na chakula. Taarifa ilikuja kwa Kiingereza. Nimekutafsiria mwenyewe kwa mkono, wala sikumpa mtu mwingine.

Utaona kwamba chumvi inakudhuru kuliko inavyowadhuru wengine, na kahawa mwili wako unachelewa kuimaliza, kwa hiyo kikombe cha jioni ukiache. Lakini habari njema iko ukurasa wa tatu. Mwili wako haugombani na wanga. Tangu uambiwe una kisukari, miaka sita hii, umeukimbia ugali wa muhogo kama deni, na kumbe haukuwa adui yako. Kula kwa kiasi, lakini kula kwa raha.

Hii ndiyo kazi mpya hapa kliniki, Mjomba. Zamani sisi watu wa lishe tulimpa kila mgonjwa karatasi ileile, kama sare ya shule. Sasa kila mtu anashonewa ya kwake. Julai wataalamu wa lishe tutakuwa na kikao kikubwa, nami nimeombwa nizungumze. Ningependa kueleza habari zako bila kutaja jina. Niruhusu.

Mpwa wako,
Nusaiba


Kilwa Kivinje
3 Machi 2024

Mpwa wangu Nusaiba,

Marahaba, na Mwenyezi Mungu akukuzie huyo mwenye meno mawili. Bi Maftaha amepata salamu zake, tena kabla ya karatasi, ili usinisingizie.

Samahani sikukupigia simu. Masikio yangu yamezidi kuziba, na nikizungumza kwenye simu napaza sauti mpaka wanaonunua samaki pale chini wanaitikia. Barua inanitosha. Kuna heshima kwenye barua.

Sisi wazima. Bati la upande wa jiko limeanza kuvuja tena. Korosho mwaka jana zilikuwa za wastani. Mama yako mdogo Salima alikuja wiki iliyopita kutoka Likawage kwa ajili ya kliniki yake ya sukari, akalala kwetu siku tatu. Amekonda kidogo lakini mcheshi vilevile.

Kuhusu karatasi yako nikuambie ukweli, nililia. Si kwa ajili ya muhogo. Nilikuwa naona mwandiko wako, ule niliokufundisha kwa chaki kwenye sakafu ya ukumbi baada ya mama yako Ziada kufariki, leo unanieleza mimi habari za mwili wangu. Niliisoma barazani kwa sauti, mstari kwa mstari, mbele ya majirani. Mzee mmoja akauliza kama serikali inajua habari hizi. Nikamwambia mpwa wangu anajua, inatosha.

Salima naye alikuwepo. Akaniuliza, yeye atapata lini ya kwake. Nikamwambia ya nini kuhangaika, sisi ni tumbo moja, baba mmoja mama mmoja, damu yangu ndiyo damu yake, karatasi hii ni yetu sote wawili. Akafurahi sana. Akanifanya nimsomee ule ukurasa wa tatu mara mbili, maana yeye kusoma hakujaaliwa.

Siku hiyo Bi Maftaha alisonga ugali wa muhogo kwa mchuzi wa pweza. Ruhusa ya kueleza habari zangu unayo. Hata jina ukitaka litaje.

Mjomba wako,
Fakihi Alfani, Bwana Afya mstaafu


Tabata, Dar es Salaam
28 Machi 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo, na Ramadhani iwe njema kwenu. Barua yako nimeisoma mara nyingi, na ofisini nimemsomea mwenzangu Genoveva kile kipande cha mzee aliyeuliza serikali. Tumecheka.

Binti yetu alipata homa lakini imepita. Issa atarudi Idi. Mimi kazi zimenizidi. Watu wanapanga foleni kutema mate. Jana amekuja mama mmoja na mabinti zake watatu, wote wanataka kujua nani kaumbiwa wali na nani kaumbiwa viazi.

Futari usizidishe tambi na sukari. Chumvi nimeshakwambia. Mama mdogo Salima msalimie sana, mwambie nikija nitampima na yeye apate ya kwake.

Nimeanza kuandaa maelezo ya kikao. Naomba unipe namba zako za sukari, kila wiki kama unapima. Zikiwa nzuri nitaziweka kwenye mchoro.

Nusaiba


Kilwa Kivinje
9 Juni 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Najua umengoja. Mvua za mwaka huu umezisikia, barabara ilikatika kule Somanga, magari yakalala siku nyingi upande huu na upande ule, na kile kimbunga cha Mei kimetuondolea bati lote la jikoni. Lile lililokuwa linavuja halivuji tena, kwa kuwa halipo.

Bi Maftaha hajambo. Idi ilikuwa ya kawaida. Mzee aliyeuliza habari za serikali amehamia kwa mwanawe Lindi.

Salima naye yuko Lindi kwa sasa. Alikanyaga kisiki shambani wakati wa palizi ya ufuta, amekwenda kutazamwa mguu. Yuko na bintiye Biasha. Usiwe na wasiwasi.

Namba za sukari sikuziandika. Mashine yangu betri imekwisha. Habari za ile karatasi nitakuandikia siku nyingine, leo mkono umechoka.

Mjomba wako


Tabata, Dar es Salaam
21 Julai 2024

Mjomba mpendwa,

Shikamoo. Pole kwa jiko, na pole ya mama mdogo. Nimepiga simu ya Biasha mara nne haipatikani. Mguu unaendeleaje?

Hapa wote wazima, binti anatembea kwa kushika ukuta. Kikao kimefanyika Alhamisi, na nataka nikusimulie jinsi kilivyokwenda, kwa sababu kuna swali nimetoka nalo mle ukumbini.

Tulikuwa watu wa lishe kama sitini, wa hospitali, wa wilaya, wa kliniki kama yetu. Nilieleza habari zako. Nikasema kuna mzee wa pwani ya kusini, aliishi na kisukari akiogopa sahani yake mwenyewe, na taarifa ya vinasaba ikamrudishia amani. Wakapiga makofi.

Kisha wakaanza kutoa maoni, na humo ndimo nilimojifunza kwamba sisi wenyewe hatuko pamoja. Genoveva alisema anaipenda huduma hii kwa sababu moja tu, kwamba mtu akiambiwa jambo limeandikwa ndani ya mwili wake, analitii. Ana wateja wawili walioacha soda ambao miaka mitatu hakuwaweza. Ofisa mmoja wa wilaya akamjibu kwamba hilo ndilo linalomtisha, maana mtu huyohuyo akiambiwa jambo la uongo atalitii vilevile. Mwingine akasema chuoni alifundishwa vinasaba kwa wiki mbili, na hawezi kusimama mbele ya mgonjwa akajifanya anavijua. Kuna aliyeuliza, ukimshonea kila mtu mlo wake, yule ambaye nyumbani kuna chungu kimoja na watu tisa atashonewa vipi.

Mwisho akasimama Bwana Optatus. Huyu ndiye aliyenifundisha mafunzo ya vitendo wodini, mtu wa maneno machache. Hakupinga wala hakusifu. Aliniuliza swali moja.

"Huyo mzee wako bado anameza vidonge vyake?"

Nikasema ndiyo.

Mjomba, nilisema ndiyo mbele ya watu sitini, nami sijawahi kukuuliza. Nimepekua nakala za barua zangu zote. Nimekuuliza chumvi, kahawa, tambi. Vidonge sikuvitaja hata mara moja.

Niandikie neno moja tu. Kama bado unameza, andika ndiyo, nitalala.

Nusaiba


Kilwa Kivinje
18 Agosti 2024

Nusaiba,

Marahaba. Leo sina habari za bati wala za majirani, utanisamehe nikiingia moja kwa moja. Barua hii nimeianza mara tano tangu Mei.

Mimi nilipunguza. Kidonge cha asubuhi nilikiacha Machi, cha jioni nikaendelea nacho. Juni nikarudi kwenye vyote viwili, kimyakimya, hata Bi Maftaha hajui kwamba niliwahi kuacha. Kwa hiyo ndiyo yako ilikuwa nusu kweli kwangu. Lakini si mimi unayepaswa kuniuliza.

Salima aliacha vyote.

Aliacha siku ileile aliyotoka hapa kwangu. Aliporudi Likawage akampa jirani yake vidonge vilivyobaki. Kliniki ya Machi hakuja, ya Aprili hakuja. Mimi niliona hajaja. Nikajiambia njia ni mbaya, mvua nyingi. Alipokanyaga kile kisiki kidonda kilikuwa kidogo, akakifunga kwa kitambaa akaendelea na palizi. Alikuwa hasikii maumivu, na unajua wewe kuliko mimi jinsi sukari nyingi inavyoutia mguu ganzi. Biasha alipogundua, barabara zilikuwa zimekatika. Walipomfikisha hapa Mei, mashine ya sukari haikutoa namba, iliandika tu kwamba imezidi kipimo. Akapelekwa Lindi, nami nikamfuata. Wamemkata mguu wa kulia, chini kidogo ya goti.

Nilikuwa chumbani daktari alipomuuliza. Kijana mpole, hakuwa na ukali. Akamuuliza ni nani aliyemwambia aache dawa. Salima akanitazama. Mimi nilikuwa nimesimama pale mlangoni na kofia yangu mkononi, bwana afya, mtu ambaye mwaka wa tisini na moja nilimfokea mama mmoja mbele ya kijiji kizima kwa kumwachisha mwanawe dawa, kwa maneno ya mganga. Salima akamwambia daktari, "Niliacha mwenyewe. Nilichoka."

Nami nikanyamaza.

Daktari akaandika hivyo kwenye faili, kwamba mgonjwa aliacha mwenyewe. Nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi mpaka adhuhuri. Siku tatu baadaye nikarudi Kivinje na sijamwona tena. Amesharudi Likawage. Namtumia unga, namtumia salamu kwa watu wa magari. Kwenda siwezi. Nimejaribu mara mbili, nimefika Nangurukuru nikageuza.

Hukuniambia niache vidonge. Ulisema nile muhogo. Habari ya kuacha vidonge nimeiongeza mimi, nikampa na dada yangu. Usijibebeshe yasiyo yako.

Fakihi


Tabata, Dar es Salaam
1 Septemba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Nimeipokea barua yako Jumatano ya tarehe 21 na mpaka leo nimekuwa nikiikimbia kama ulivyoikimbia wewe. Issa ameniuliza kama kuna msiba. Nikamwambia karibu na hapo.

Umeniandikia nisijibebeshe yasiyo yangu. Sasa sikiliza yaliyo yangu.

Ile taarifa ya Kiingereza ilikuwa na kurasa tisa. Mimi nilikutafsiria nane. Ukurasa wa mwisho una maandishi madogo, nami nauambatanisha hapa, nimeuandika wote bila kuruka neno. Unasema matokeo hayo yametokana zaidi na tafiti za watu wa Ulaya, na kwa watu wa asili nyingine huenda yasiwe sahihi. Unasema vinasaba ni sehemu ndogo tu ya sababu za mtu kuugua au kupona. Unasema asiwepo mgonjwa atakayebadili dawa au mlo wa tiba bila kuonana na daktari wake, na kwamba taarifa ni ya mtu mmoja aliyepimwa, isitumiwe na ndugu yake.

Sikuusahau. Niliusoma, nikauweka kando. Nilijiambia ni maneno ya wanasheria, yatakutia hofu bure. Huo ndio uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba baada ya ukurasa ule kurasa nane zote zilionekana ndogo, nami nilitaka kukuletea kitu kikubwa. Nilitaka uone kwamba ile chaki haikupotea.

Kuna jingine. Maneno "mwili wako haugombani na wanga" hayamo. Kwenye taarifa pameandikwa kwamba mwelekeo wako ni wa kawaida, kama watu wengi. Ningetafsiri hivyo ungesoma ukakunja ukaweka. Sentensi ile niliitunga mimi, na mama mdogo aliisikia mara mbili.

Na la tatu. Machi uliniandikia kwa mwandiko wako kwamba umemwambia Salima karatasi ni yenu sote wawili. Niliisoma. Mtu wa mwaka wa kwanza wa lishe angeruka kwenye kiti. Ndugu wa tumbo moja hawarithi sawasawa, na hata wangerithi, sukari ya mama mdogo ilikuwa juu kuliko yako na dawa zake ni nyingine. Lakini kukukatalia kungekuwa kukiri kwamba karatasi yenyewe si ya kutegemewa. Nikaandika nitampima nikija, nikaendelea na habari za futari.

Jumatatu nilimfuata Bwana Optatus ofisini kwake, nikamwambia yote. Nilitaka anifokee. Akasema tu, "Waandikie wale sitini." Nimewaandikia. Nimesema nilidanganya kuhusu vidonge na kwamba kuna mwanamke amepoteza mguu. Wengine hawajajibu. Genoveva alikuja mezani kwangu, akageuka akarudi kwake. Baadaye nikamkuta anatafsiri ukurasa wa tisa kwa ajili ya wateja wake.

Kliniki nimepigia simu watu wote thelathini na mmoja niliowapa taarifa kwa mkono wangu. Wawili walikuwa wamepunguza dawa. Mmoja alinishukuru, na shukrani yake iliniuma kuliko matusi. Mkurugenzi ameniambia nipumzike nyumbani mpaka atakaponiita. Sidhani ataniita.

Naenda Likawage. Sikuombi ruhusa na sikuombi unisindikize.

Nusaiba


Likawage
6 Oktoba 2024

Mjomba,

Shikamoo. Hukunijibu, nami sikulaumu. Nakuandikia kutoka kwa mama mdogo. Barua hii anaileta dereva wa gari la Nangurukuru, na amesema atapita kwako akiteremsha mzigo.

Nina siku ya nane hapa. Wazima wote. Binti nimemwacha kwa mama mkwe. Ufuta wa mwaka huu ulikuwa mzuri, lakini wa mama mdogo ulivunwa na majirani, kwa zamu, na tembo walipita upande wa juu tu.

Nilipofika alikuwa ameketi uani kwenye mkeka anamenya ming'oko, vile viazi vya porini, gongo lake la kutembelea limelala kando. Nilikuwa nimeyapanga maneno tangu Dar es Salaam. Nikapiga magoti nikaanza. Nilisema habari ya ukurasa wa tisa, nikasema sentensi niliyoitunga, nikasema barua ya Machi. Kisu kilikuwa kinaendelea.

Nilipomaliza akaniuliza kama ina maana ile karatasi ilikuwa ya kaka yake peke yake. Nikamwambia ilikuwa ya Mjomba, na hata kwa Mjomba haikuwa na uhakika.

Akakiweka kisu chini.

"Unajua mimi sikuacha dawa kwa ajili ya muhogo," akasema. "Muhogo nilikuwa nakula hata kabla. Kaka alisomeshwa, mama yako alisomeshwa, mimi nikabaki kufukuza ndege kwenye mtama. Siku ile kaka aliposema mbele ya watu kwamba karatasi yake ni yangu, kwamba tumeumbwa sawa, nilijiona mtu. Nikaona nikiendelea na vidonge nitakuwa namkanusha."

Nililia, Mjomba. Akaningoja nimalize. Nikamwambia nisamehe, akasema, "Sijasema nimesamehe. Nimesema uketi, magoti yatakuuma." Nikaketi. Akanipa kisu cha pili.

Tumekuwa hivyo tangu siku hiyo. Usiku ule alinigeuzia mgongo, na asubuhi akaniita nimshike mkono kwenda chooni. Kuna siku hanisemeshi mpaka mchana. Nimekwenda naye zahanati, vidonge vyake sasa anavijua kimoja kimoja kwa rangi na kwa saa. Chakula tumekiangalia kwa macho, kwenye chungu chao hichohicho: mtama, mbaazi, mlenda, samaki wakavu wakipatikana. Nimempimia kwa bakuli lake mwenyewe. Jana asubuhi sukari yake ilikuwa nane nukta mbili. Biasha alitaka kupiga vigelegele, mama yake akamkataza.

Habari zako huuliza kila siku. Si kwa hasira. Huuliza kama anayeuliza habari za mgonjwa. Nimemwambia ulifika Nangurukuru mara mbili ukageuza. Alikuwa hajui. Akasema, "Nilimficha kwa daktari asiaibike mbele ya kijana mdogo. Sasa naona nilimpa aibu ya kukaa nayo. Mwandikie kwamba mguu hautarudi kwa yeye kutokuja."

Kisha akasema, mpaka Ijumaa. Usipokuja Ijumaa hii atapanda gari yeye, na gongo lake, akufuate Kivinje. Biasha anadhani ni maneno tu. Mimi nimemwona anajifunza kupanda na kushuka kwenye kinu kilicholazwa, na hajaniambia anajifunzia nini.

Nusaiba


Kilwa Kivinje
8 Oktoba 2024

Mpwa wangu Nusaiba,

Marahaba.

Barua yako imefika mchana huu. Nimemsomea Bi Maftaha yote, kisha nikamtolea na zile za nyuma, na nakala za zangu, pamoja na habari ya kidonge cha asubuhi. Amechukua kanzu yangu akaenda kuifua.

Dereva anarudi huko kesho, ndiye atakayekupa hii. Mimi nitapanda gari la keshokutwa, Alhamisi. Ukishasoma tu mwambie Salima, papo hapo, mbele ya Biasha na yeyote atakayekuwepo, kwamba nakuja. Mwambie kwa sauti, ili nikifika Nangurukuru nisiwe na pa kugeuzia.

Nikishaonana naye nitakwenda Lindi kwa yule daktari, arekebishe alichoandika kwenye faili. Salima akipenda tutakwenda wote.

Jambo moja nakuomba. Mimi ni mtu wa maneno mengi, unanijua. Nikikaa mbele yake nikaanza kuuliza habari za ufuta na tembo, wewe usinisaidie. Nyamaza. Niache mpaka niseme.

Fakihi